Bafta Juu ya Meza ya Bwana

Watu wa kanisa letu hunisifu kwa weupe. Vitambaa vya Meza ya Bwana navitunza mimi, mwaka wa kumi na mmoja huu; navifua kwa mkono, navitia buluu kidogo, navipiga pasi hadi mikunjo isimame. Mgeni akipita mbele baada ya ibada akauliza ni kazi ya nani, wenzangu hunionyesha kwa kidole, nami huinamisha kichwa. Wao huona unyenyekevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kuwatazama machoni, kwa sababu kwa miaka mitatu kitambaa kikubwa kilichofunika meza ile kilikuwa sanda ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa hai, na mimi nilikuwa mpangaji wake.

Mimi ni Mrabai, Mkristo wa kuzaliwa na mlokole wa kujitakia. Nafanya kazi Shimanzi, kwenye ofisi ya malori, naandika hati za mizigo huku honi zikinipigia masikioni mchana kutwa. Nilipotafuta chumba nilitaka mahali ambapo gari haliwezi kuingia hata likilazimishwa, nikapata Kuze, mtaa wa vichochoro, ghorofa ya juu ya nyumba ya mjane mmoja. Kila mtu mtaani alimwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Wanawe walikuwa Uarabuni. Magoti yalikuwa yamemwisha, ngazi kwake ilikuwa hadithi ya zamani, na mikono na miguu yake ilikuwa ni mama mmoja wa Kidigo aliyekaa mtaa wa Majengo, akija siku tatu kwa wiki kufua na kupika. Wawili hao walikuwa pamoja miaka ishirini na waligombana kama wake wenza, juu ya chumvi, juu ya sabuni, juu ya nani alisema nini mwaka gani. Mwanzoni nilidhani wanachukiana. Sikuwa nimewahi kuishi karibu na mapenzi yenye kelele kiasi hicho.

Bibi alikwenda kuhiji zamani, akarudi na sanda yake, bafta nzuri nyeupe iliyorowekwa maji ya zamzam. Aliiweka kwenye kasha, ndani ya mfuko, pamoja na karafuu maiti, ile kafuri ya kuoshea maiti. Kila mwaka mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, ilitolewa ikaanikwa juani juu ya paa, kisha ikarudishwa. Mwaka wangu wa kwanza alinionyesha.

"Hili ndilo vazi langu la mwisho," aliniambia. "Haya mengine yote najaribia tu."

Tukacheka. Alikuwa mtu wa kucheka na mauti.

Mwaka huo ninaousema, mwezi huo huo wa Shaaban, akina mama wa kanisa tulichanga tukanunua bafta mpya Barabara ya Biashara, maana vitambaa vya meza vilikuwa vimegeuka rangi ya chai. Bafta lazima uiroweke kwanza, irudi, ndipo uikate. Niliiroweka Alhamisi, Ijumaa asubuhi nikaianika juu ya paa na kwenda kazini. Niliporudi saa kumi, mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya mji. Nilipanda ngazi mbio nikakumbatia kila kilichokuwa cheupe, nikashuka nacho chumbani matone ya kwanza yakinipiga mgongoni.

Jumamosi asubuhi nilikunjua mzigo wangu. Nilikuwa nimeanika kipande kimoja cha bafta. Nikakuta viwili.

Ningependa kusema kwamba sikujua. Nimelisema hilo mara nyingi, kwa magoti na kwa machozi, na nadhani Mungu alichoka kulisikia. Nilijiambia kwamba mwenye duka alitukatia vipande viwili, na kwamba vilikuwa vimegandana ndani ya ndoo ndiyo maana sikuviona. Kimoja kilikuwa kipana zaidi, laini zaidi. Nilipokileta karibu na uso nilisikia karafuu maiti. Pua yangu ilijua kabla yangu. Nikasimama pale na mkasi mkononi muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu, halafu nikakata, kwa sababu kazi ilitakiwa kesho yake na kwa sababu kile kilikuwa ndicho kizuri. Nilitaka kizuri kwa meza ya Mungu. Sijui kama kuna dhambi iliyowahi kutendwa kwa nia safi namna ile.

Jumapili kasisi alikiombea kitambaa kipya, akakitandika. Jumanne Bibi alifungua kasha kutia karafuu maiti mpya.

Nilisikia kelele nikashuka. Bibi alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kasha, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu, na mama wa kufua alikuwa amesimama juu yake, leso mkononi.

"Nilipanda kuanua mvua ilipoanza," alikuwa akisema mama wa kufua. "Nikakuta kamba tupu. Nikajua imekwisha kuanuliwa."

"Na nani? Na magoti haya? Mimi ngazi ile nimeipanda lini?"

Mama wa kufua akanigeukia. Hakuwa na shaka nami, alikuwa anatafuta msaada tu. "Mwanangu, wewe hukuiona sanda ya Bibi huko juu?"

"Sikuiona, mama."

Lilikuwa jibu dogo, na nililitoa upesi mno. Kama ingelia kengele ya kunionya, nadhani ningeisikia. Bibi alimwambia yule mama, "Huyo mwache. Huyo ameokoka, hasemi uwongo." Na hapo wokovu wangu ukanifunika mbele ya watu wale wawili, na mmoja wao akabaki nje uchi.

Maneno yakapanda. Bibi akamwuliza amemuuzia nani. Yule mama akasema polepole, "Miaka ishirini nakufulia nguo zako za ndani. Leo nikuibie ya kaburini?" Bibi akamwambia asirudi tena. Yule mama akajifunga leso kiunoni akashuka, na mlango wa chini haukubamizwa. Alikuwa akiubamiza kila siku.

Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa nzuri, maana mwongo hakosi sababu. Kitambaa kilikuwa kimekatwa, kimepindwa, kimeombewa. Nikisema, itakuwaje? Mkristo mpangaji kachukua sanda ya hija ya bibi wa Kiislamu akaikata kutandika kanisani. Nani mtaani atasikia kwamba ilikuwa mvua? Nilijiambia natunza amani ya watu. Usiku na mchana nikajiambia hivyo, na amani ya watu ikatunzwa vizuri sana, kwa gharama ya mtu mmoja wa Majengo.

Bibi akatangaza kwamba atasoma Albadiri. Asiyejua mambo ya pwani nimweleze: ni kisomo. Mtu aliyeibiwa huwaita walimu, wakasoma, wakamshtaki kwa Mungu yule aliyechukua, hata kama jina lake halijulikani, adhabu impate huko aliko. Wako wanavyuoni wasioutaka mtindo huo; mwalimu wa madrasa ya jirani alikataa kabisa, akamwomba Bibi asubiri na amwachie Mwenyezi Mungu. Bibi akatafuta mwingine. Alitoa siku saba kwanza, kama ilivyo ada, ili mwenye kuchukua arudishe. Kila siku kati ya zile saba nilipita mbele ya mlango wake nikimwamkia. "Masalkheri, Bibi." "Masalkheri, mwanangu." Siku ya nne alinipa bakuli la mbaazi na mahamri. Nilikula.

Kisomo kilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Sauti za wanaume wanne au watano zilipanda kupitia boriti za sakafu yangu, hazikuwa za ukali, zilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio ulionitia baridi. Nilijifungia. Nilipiga magoti upande wa pili wa kitanda nikawa nasema damu ya Yesu, damu ya Yesu, mpaka midomo ikawa inajiendea yenyewe. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba msalabani haki ya Mungu na upendo wake vilikutana, kwamba adhabu iliyonistahili ilimwangukia mwingine ili mimi niende zangu huru. Niliamini, na naamini hata sasa. Lakini alasiri ile niliutumia msalaba kama mtoto anavyotumia mlango, kujificha nyuma yake mpaka mwenye fimbo apite.

Kisha nikaanza kuungoja mwili wangu. Kichwa kikiniuma, nilisema ndiyo hiyo. Nilipojikwaa Shimanzi na lori likapita karibu, nilisema ndiyo hiyo. Nilipima damu, nilipima sukari, nilikuwa mzima kama kigingi. Wiki ya sita au ya saba hivi, niliporudi kazini nilimkuta Bibi na jirani wawili sebuleni, na jirani mmoja akanitolea habari kabla sijakaa: yule mama wa kufua ameanguka. Upande wote wa kulia umekufa, mdomo umekwenda kando.

"Imempata," alisema jirani.

Bibi alikuwa akitazama sakafu. "Sikutaka hivi," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Lakini angalisema."

Sasa niseme nililolisikia moyoni, maana ndilo linalonifuata zaidi ya kitambaa. Nilipumua. Wiki saba nilikuwa nimeibana pumzi, na pale mbele ya wanawake wale niliiachilia. Limepita, nilijiambia, limeangukia kwingine. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu kwa kunilinda na hila za adui, na kanisa likasema amina.

Daktari yeyote angesema yule mama alikuwa na presha ya miaka mingi, na ni kweli, alikuwa nayo; alikuwa akitafuna vidonge vyake nusu nusu ili visiishe. Hilo nilijiambia pia. Lakini presha haikuwa imefukuzwa kazi miezi miwili kabla, wala haikuwa imepita vichochoro vya Kuze ikinyooshewa kidole.

Nilikwenda kwa kasisi, kwa njia ya kuzunguka. Nilimwuliza: mtu akitenda dhambi, na mwingine asiye na kosa akaadhibiwa mahali pake, huyo mtenda dhambi afanye nini? Uso wake ulikunjuka kwa furaha. Alidhani nimekuja kuuliza somo.

"Dada yangu, hiyo ndiyo Injili yenyewe! Afanye nini? Aamini, ashukuru, aishi."

Nilitoka pale. Nilishuka mpaka Mwembe Tayari kumtumia mama yangu mzigo wa sukari na unga kwa basi, na pale kwenye kituo, katikati ya wachuuzi na magunia, nilimwona yule mama wa kufua. Binti yake alikuwa amemshika. Alitembea kwa kuuvuta mguu, akisimama kila hatua tatu, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani kwa leso. Niliijua leso ile, nilikuwa nimeianua mara ngapi. Nilijificha nyuma ya magodoro yaliyokuwa yakingoja kupakiwa na nikakaa pale mpaka kondakta akaniuliza kama nasafiri.

Baada ya hapo nyumba ikawa si nyumba. Bibi alipata msichana wa kufua, halafu mwingine, hakuna aliyekaa. Lakini saa kumi alasiri, saa yule mama alipokuwa akipanda kuanua, nilisikia mguu ngazini. Mmoja unakanyaga, mmoja unavutwa. Alipokuwa akifanya kazi pale alikuwa mzima, alipanda kwa kishindo. Mguu wa kuvutwa haukuwahi kuigusa ngazi ile hata siku moja. Kwa hivyo nilijua nasikia kitu ambacho hakipo, na kujua hakukunisaidia. Nilikuwa nikifungua mlango nakuta ngazi tupu, na huko chini redio ya Bibi.

Na kitambaa. Nilikifua mara ngapi sijui, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maji ya moto. Kikikauka hakikunuka chochote. Pasi ikikigusa, karafuu maiti ikapanda, na chumba kikawa chumba cha kuoshea maiti. Wanakwaya walisema meza yetu ina harufu nzuri siku hizi. Kikombe kilipoletwa kwangu niliona mkono wa kasisi, na chini ya mkono ile bafta. Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, vitambaa vyote hutolewa mezani na mbao zikabaki tupu. Kazi ile ilikuwa yangu. Nilikikunja kile kikubwa nikakibeba kwa mikono yote miwili hadi chumba cha nyuma, na nilihisi uzito ambao bafta haina.

Mwaka wa tatu Bibi alishuka kitandani kwa mara ya mwisho, yaani alishindwa kushuka. Wanawe wakaja, wakaenda, wakaja tena. Alianza kuwaita watu mmoja mmoja kuwataka radhi, kama wanavyofanya watu wanaojua safari imekaribia. Muuza maji, jirani waliyewahi kugombana naye juu ya mfereji, mwalimu wa madrasa aliyekataa kumsomea. Siku moja baada ya adhuhuri akaniita mimi.

Alikuwa amekuwa mdogo. Alinishika mkono.

"Mwanangu, tumekaa nyumba moja. Kama kuna nililokukosea, kwa neno au kwa kitendo, niwie radhi."

Nikasema hakuna, Bibi, hakuna. Nilikuwa nalia, na aliniona nalia akadhani ni huruma.

"Wote nimewamaliza," alisema. "Amebaki yule. Yule sitaki radhi yake wala simpi yangu. Nimemwacha kwa Mungu, tutakutana huko."

Hapo ndipo nilipoona mambo yalikokuwa yanakwenda. Bibi angekufa na neno lile mdomoni. Na yule mama wa Majengo angebaki mwizi wa sanda milele, kwa sababu aliyeweza kumwondolea jina hilo atakuwa chini ya udongo. Kasisi aliniambia niamini na nishukuru. Nimeamini. Lakini kulikuwa na jambo sikuwa nimeliona, nami najiona mjinga kwa kulichelewa: Yesu alijitoa. Alijua anakokwenda akaenda mwenyewe, na ndiyo maana upendo ule haukuidhulumu haki. Mama wa kufua hakujitoa. Nilimtoa mimi.

"Bibi," nilisema, "sanda yako niliichukua mimi."

Nilimwambia yote: mvua, vipande viwili, karafuu maiti, mkasi. Hakuuondoa mkono wake. Ningependelea auondoe.

"Mukaifanyia nini?"

"Iko kanisani. Tunatandika kwenye meza tunayowekea mkate na divai."

Alifumba macho. Redio ilikuwa ikisema habari za bandarini.

"Basi ya nguo ni mepesi," alisema. "Nguo dukani zipo. Mimi nimemla mtu nyama kwa kumsingizia. Miaka mitatu namla." Akanivuta mkono. "Kanitwalie. Nenda kanitwalie yule mama, upesi, na mimi nisije nikafa."

Nilikwenda Majengo kwa miguu, nusu nakimbia. Binti yake alinifungulia. Chumba kilikuwa kimoja, safi, na yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, akichambua mchicha kwa mkono wa kushoto. Alinitambua. "Karibu, mwanangu," alisema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikasema niliyokuja kusema, mara ya pili mchana ule. Ilikuwa ngumu zaidi ya mara ya kwanza.

Aliendelea kuchambua. Binti yake alisimama mlangoni kama atakayenipiga, na sikumlaumu.

"Ulitubu?" aliniuliza mwishowe.

"Kila siku, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

Aliweka chini kijiti cha mchicha. "Mungu alipoteza nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

"Mungu ndiye aliyefukuzwa? Mungu ndiye aliyeambiwa imempata? Ulikuwa ukipita huko kwake kuomba msamaha wa kitu changu, na mimi nipo hapa Majengo, hata nauli haihitajiki." Hakupaza sauti, nusu ya sauti ilikuwa imekufa. "Yule Bibi namsamehe. Yule alidanganywa. Hivi sasa namsamehe, kabla sijatoka hapa. Wewe nipeleke kwake. Lakini si kwa tuktuk. Utanisukuma, na tutapita kwenye baraza zote, na kila baraza utasimama useme."

Tukaenda. Jua la saa tisa lilikuwa kali, na vichochoro vya Kuze havikujengwa kwa ajili ya magurudumu. Baraza ya kwanza walikuwa wazee watatu wenye kahawa. Nikawasalimu, nikasema kwamba sanda ya Bibi niliichukua mimi, na kwamba huyu mama hakuiba kitu. Walinitazama kama mtu aliyeingia na viatu msikitini.

"Hawakusikia," alisema yeye kutoka kitini. "Sema tena."

Nikasema tena. Kwenye baraza ya pili mwanamke mmoja alitema mate chini. Ya tatu, kijana mmoja aliinuka kwa hasira, na mzee aliyekuwa kando yake akamkalisha, akamwambia yule mama, "Tuwie radhi, mama. Na sisi tulisema." Vita nilivyoviogopa miaka mitatu havikutokea. Hilo lilinichoma kuliko matusi, maana ndiyo sababu yangu kubwa niliyokuwa nimeegemea, na haikuwa na kitu ndani.

Kijana yule yule aliyetaka kunipiga ndiye aliyeshika kiti upande wa pili tukakipandisha mlangoni kwa Bibi.

Sitaeleza sana ya ndani. Niliachwa mlangoni, na palikuwa mahali pangu. Niliwasikia wakilia, kisha wakinong'ona, kisha, Mungu ni shahidi wangu, wakigombana: Bibi alisema ule mkono haukukandwa vizuri na yule mama akasema wewe unajua nini kuhusu kukanda. Bibi alifariki siku ya tatu, alfajiri. Alizikwa kwa bafta ya dukani, na yeye mwenyewe alikuwa amekataza ile ya kanisani isirudishwe. Alisema imekwisha kukatwa, na maiti hashonewi viraka.

Nilimwambia kasisi. Alikiondoa kitambaa mezani kwa mikono yake mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mbele, mzee yule mwenye majibu mengi, akakiweka mapajani.

"Nilikujibu haraka," alisema. "Ulipokuja na swali lile, ningekuuliza huyo asiye na kosa ni nani."

Alitaka kunipa kazi nyingine kanisani. Nikamwambia nitaendelea na hii, kama watu watakubali. Walikubali, ila sasa wananisifu kidogo.

Nilihama Kuze. Kila Jumamosi nakwenda Majengo, nafua nguo za yule mama, nampeleka kliniki ikiwa ni siku yake, naukanda ule mkono kwa mafuta ya nazi kama binti yake alivyonifundisha. Hanibembelezi. Shuka likibaki na doa hulirudisha kwenye beseni. Kuna siku hatusemi maneno kumi. Mguu ngazini nausikia bado, hata kwenye nyumba niliyohamia, isiyokuwa na ngazi. Nimeacha kuufungulia mlango. Naamini nimesamehewa na Mungu. Nasema hivyo kwa woga, na sisemi tena mbele ya watu. Lakini nimejua kwamba msamaha wake hakuutoa mfukoni mwa yule mama, na kwamba sehemu ya yule mama Mungu aliiacha pale pale ilipo, kwa mwenyewe, nami niende nikaiombe huko.

Niliiomba mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka jana, nguo zimekwisha kuanikwa, naye alikuwa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Nilipiga magoti mbele ya kiti nikamwuliza, "Mama, umenisamehe?"

Alinitazama. Alimaliza chai yake, taratibu, hadi majani ya chini. Kikombe kilipokuwa kitupu alinipa nikioshe.

"Bado," alisema. "Njoo Jumamosi."

Nikaenda.